Wafanyakazi Wanapolalamikia Hewa ya Ofisini: Jinsi ya Kuchunguza Hadi Kupata Chanzo

Malalamiko ya hewa huanza kidogo kidogo. Mmoja anasema macho yanamwasha kila ikifika saa tisa alasiri, mwingine kichwa kinamgonga, wa tatu anaomba kuhamishwa meza bila kueleza sana. Kosa linalofanywa karibu kila mara ni kukimbilia kuita mtu mwenye vipimo. Anakuja na mashine zake, anapima asubuhi moja, analeta ripoti inayosema viwango vyote ni vya kawaida, na watu wanaendelea kuumwa. Kipimo hujibu swali uliloliuliza tu. Maswali yenyewe wanayo wanaolalamika, na ndiyo maana uchunguzi unaanzia kwao.

Dalili zisizosubiri uchunguzi

Watu wawili au zaidi wakipatwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wakatoka nje wakapata nafuu, fikiria kaboni monoksaidi kabla ya jambo lingine lolote. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye kila kinachounguza mafuta, gesi, kuni au mkaa: jenereta, boila, jiko, gari lililoachwa likinguruma chini ya dirisha. Watoe watu wote nje, hesabu vichwa, zima chanzo ikiwa unaweza kukifikia bila kurudi ndani, kisha ita zimamoto na huduma ya dharura.

Waliougua wapimwe damu mapema. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hudanganyika hapa: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliyepata sumu. Na kwa anayevuta hewa ya kawaida, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya takriban saa nne hadi sita. Akipimwa kesho yake, ushahidi umeshaondoka.

Jambo la pili la haraka ni homa kali na nimonia kwa zaidi ya mtu mmoja katika jengo moja. Bakteria wa Legionella, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa Philadelphia mwaka 1976, huishi kwenye maji ya uvuguvugu ya kati ya nyuzi 20 na 45 hivi na huingia mapafuni kwa matone madogo ya mvuke kutoka minara ya kupozea, mabomba ya kuogea na chemchemi za mapambo. Hilo ni la daktari na mamlaka ya afya, siku hiyohiyo.

Kusikiliza kwa utaratibu

Ongea na kila mtu peke yake, dakika kumi hadi kumi na tano. Usimsomee orodha ya dalili ili achague. Ukimuuliza "je, koo linawasha?", nusu ya watu watahisi koo likiwasha papo hapo. Muulize: unahisi nini? Kilianza lini? Huanza saa ngapi, na huisha lini ukishatoka? Ukiwa likizo inakuwaje? Umekaa wapi hasa, na ukihamia chumba kingine? Kuna siku ambayo hali ilikuwa mbaya kupita nyingine?

Waulize pia wasiolalamika, na watu wa upande mwingine wa jengo. Bila wao huna cha kulinganisha. Watu wanne kati ya kumi wenye maumivu ya kichwa katika idara moja hawasemi lolote mpaka ujue kwamba ghorofa ya juu yake ni mmoja kati ya kumi. Habari za afya ya mtu ni zake: andika namba badala ya jina, na usimwonyeshe meneja karatasi zenyewe.

Kisha chukua ramani ya ofisi, hata iliyochorwa kwa mkono, utie alama kila alipokaa mwenye dalili, rangi moja kwa macho na koo, nyingine kwa kichwa na uchovu, ya tatu kwa kifua. Onyesha pia milango, matundu ya AC, vyoo, printa, ngazi na mahali pa kuegesha magari. Mara nyingi alama hujikusanya, na mkusanyiko huo una maana. Zikizunguka tundu moja la hewa, kazi iko kwenye mashine inayolisha tundu hilo. Zikifuata ukuta wa choo au wa stoo, kuna kinachopenya. Zikitapakaa ofisi nzima na hali ikizidi kadiri siku inavyosonga, hewa haibadilishwi vya kutosha. Hali ikiwa mbaya zaidi Jumatatu asubuhi, jiulize nini kilizimwa, kilikauka au kilirundikana mwishoni mwa juma. Ikiwa ni jioni tu baada ya wasafishaji kupita, angalia ndoo zao.

Wape walioathirika shajara ya wiki mbili: saa, mahali, alichohisi, na kilichokuwa kikiendelea karibu, kama vile kupaka dawa ya wadudu, mvua, jenereta kuwashwa au kikao kirefu. Mstari mmoja kwa tukio unatosha.

Kuna tofauti moja ambayo lazima uishike vizuri. Macho, pua, koo na kichwa vinavyotulia saa chache baada ya kutoka kwenye jengo vinaashiria jengo lenye kasoro, na kazi hiyo unaweza kuiendeleza mwenyewe. Kifua kubana, kukohoa usiku, kupumua kwa mlio kifuani, au homa na baridi vinavyokuja jioni nyumbani ni jambo lingine. Mapafu yanayopambana na vumbi la ukungu huweza kuchelewa saa nne hadi nane kabla ya kuonyesha homa, ndiyo maana mtu husema "nikiwa kazini niko salama, naumwa nyumbani" na kumbe chanzo ni kazini. Huyo anahitaji daktari anayejua magonjwa ya kazini, na pengine ahamishwe mahali pengine wakati uchunguzi unaendelea.

Nini kilibadilika?

Andika tarehe malalamiko yalipoanza, halafu rudi nyuma miezi mitatu. Samani mpya za MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi? Rangi, zulia, gundi? Paa lilivuja? Wafanyakazi wameongezeka? Kuna aliyejenga kizigeu na kufungia tundu la kuvutia hewa upande usio wake? Fundi wa AC amebadilishwa, au bili ya umeme ilipanda na mtu akaamuru hewa ya nje ipunguzwe? Uliza wasafishaji na walinzi kabla ya kuuliza wakuu. Wao ndio huona maji yakidondoka usiku.

Kutembea jengo zima

Nenda saa ambayo watu hulalamika. Beba tochi, kioo kidogo cha mkono, futi ya kupimia, bisibisi, kipande cha tishu, vijiti vya udi na kipima unyevu wa kuta. Pua yako ni chombo kizuri lakini huchoka baada ya dakika chache, kwa hiyo simama mlangoni, vuta hewa, andika unachonusa kabla hujaingia. Ukisubiri hadi uketi, umeshaizoea.

Anza nje na juu. Tafuta mahali jengo linapovuta hewa ya nje. Kuna nini karibu? Jalala, moshi wa jenereta, gari za mizigo zinazosubiri huku injini zikiwaka, mnara wa kupozea, bomba la kupumulia la maji taka, feni ya choo inayotupia hewa yake palepale inapovutwa nyingine? Jengo huvuta kilicho mdomoni mwake. Angalia kama mlango wa bati unaopitisha hewa hiyo uko wazi kweli. Si ajabu kuukuta umefungwa kwa waya au umeganda kwa kutu tangu zamani, wakati karatasi za matengenezo zinasema uko sawa.

Na ikiwa ofisi inatumia AC za ukutani za kawaida, elewa hivi: AC hizo haziingizi hewa ya nje hata kidogo. Huvuta hewa iliyomo chumbani, huipoza, huirudisha. Watu ishirini wakifunga madirisha na kuwasha AC, wanavuta pumzi zao wenyewe zilizopozwa. Hapa ndipo asili ya malalamiko mengi ya uchovu wa mchana, na hakuna filta itakayoyaondoa.

Sasa fungua AC yenyewe. Fika kabla ofisi haijafunguliwa, kwa sababu harufu ya uvundo huwa kali zaidi dakika za kwanza baada ya kuwasha, kisha hufifia. Mwombe fundi azime umeme wake, inua kifuniko, toa filta. Vumbi la kijivu lililosawazika ni la kawaida. Vumbi lililopita pembeni na kujipanga nyuma ya fremu maana yake filta haikai vizuri na hewa inaikwepa. Elekeza tochi kwa pembeni kwenye feni ndefu ya duara iliyo ndani, si moja kwa moja. Mwanga wa pembeni huonyesha madoadoa meusi kwenye makali ya feni ambayo mwanga wa mbele huyafuta. Shuka kwenye trei ya maji chini ya koili. Maji yaliyotuama, utelezi wa kahawia au pinki, harufu ya soksi zilizolowa: hapo vimelea vimeshaweka makazi. Mimina maji kama nusu lita polepole kwenye trei huku mwingine akiangalia mwisho wa bomba la kutolea. Yasipotoka ndani ya dakika moja au mbili, bomba limeziba au trei imelazwa kinyume cha mwinamo wake.

Tundu la maji sakafuni ni dogo na husahauliwa. Chini yake bomba limepinda, na maji yanayobaki kwenye pindo hilo ndiyo huzuia hewa ya maji taka isipande. Choo cha wageni kisichotumika, chumba cha mashine, beseni la stoo: maji hukauka kwa wiki chache, na harufu ya mayai yaliyooza huingia ofisini. Watu hulalamikia kichefuchefu, na mchunguzi huangalia dari. Mimina lita mbili za maji kwenye kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka. Harufu ikipotea ndani ya siku moja, umemaliza. Lakini usitegemee pua kuhakikisha usalama kwenye mashimo na vyumba vya maji taka vilivyofungwa: gesi ya haidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa kuinusa.

Baada ya hapo, fuatilia hewa inakotoka na inakoelekea. Washa kijiti cha udi, mbali na kigunduzi cha moshi, ukishike kwenye mwanya wa chini wa mlango wa choo, wa stoo ya kemikali, wa gereji, wa chumba cha fotokopi. Uzi wa moshi ukilala kuelekea ndani ya choo, ni sawa, choo kinanyonya. Ukilala kuelekea ofisini, choo kinapumulia ofisi. Rudia mlango ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, AC ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kwa sababu mkondo unaweza kugeuka kabisa. Tishu kwenye feni ya choo inapaswa kunaswa na kubaki hapo. Ikianguka, feni inazunguka bila kuvuta chochote.

Malizia kwa unyevu. Bonyeza kipima unyevu kwenye kuta chini ya madirisha, nyuma ya makabati yaliyosogezwa ukutani, chini ya zulia karibu na mabomba, na juu ya dari ambapo mabomba ya hewa baridi hutoka jasho. Linganisha na ukuta mkavu wa jengo hilohilo, kwani namba pekee haina maana.

Kupima, na kujua namba inasema nini

Kipimo cha kwanza ni kaboni dayoksaidi. Max von Pettenkofer wa Munich aliitumia mwaka 1858 kama kiashiria cha hewa iliyochakaa, na akaweka mpaka wa sehemu 1000 kwa milioni, namba inayotumika hadi leo. Kwa viwango vya ofisini gesi yenyewe si sumu. Inakuambia tu ni kiasi gani cha hewa mliyomo imeshapita mapafuni mwa mtu. Ndiyo maana usimkubali anayesema 2500 ni salama kwa kuwa kikomo cha saa nane viwandani ni 5000. Kikomo hicho kinahusu sumu. Wewe unapima kubadilika kwa hewa.

Tumia kifaa kinachopima kwa mwanga wa infraredi. Vingine vya bei nafuu havipimi gesi hiyo kabisa, hukisia kutokana na harufu za kemikali, na hupanda mtu akipuliza manukato. Kiweke nje dakika ishirini kwanza. Kisome kama 420 hivi. Jihadhari na vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe: hudhani namba ya chini kabisa ya wiki ndiyo hewa ya nje. Katika jengo lenye watu usiku na mchana dhana hiyo ni uongo, na kifaa kitasoma chini ya ukweli. Kiweke mita moja hivi kutoka sakafuni, mita moja au zaidi kutoka vinywani mwa watu, mbali na dirisha na mkondo wa AC, kirekodi kila dakika tano kwa wiki nzima.

Namba ikipanda na kusimama mahali pamoja wakati idadi ya watu haibadiliki, toa kiwango cha nje, kisha gawa 5200 kwa tofauti hiyo. Jibu ni lita za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu anayefanya kazi ya kukaa. Ndani ikisimama 1220 na nje ni 420, tofauti ni 800, jibu ni lita 6.5. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 mwaka 2021. Namba ikiwa bado inapanda hadi saa ya kutoka, hesabu hii hukupa sifa usiyostahili; hali halisi ni mbaya zaidi.

Watu wakishaondoka wote, tazama namba inavyoshuka. Muda ambao tofauti na nje hushuka hadi asilimia 37 ya ilivyokuwa ndio muda wa kubadilisha hewa ya chumba mara moja. Kutoka 1420 hadi 790 kwa nusu saa ni mara mbili kwa saa. Ikichukua saa mbili, ni nusu, na chumba hicho kimefungwa kama kopo. Hakikisha AC na feni zinaendelea kama mchana, la sivyo unapima jengo lingine.

Vipimo vingine ni vya haraka zaidi. Joto na unyevu wa hewa: unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 unalisha ukungu, ukiwa chini ya 30 macho na pua hukauka. Kaboni monoksaidi inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikiwa ndani ni juu kuliko nje, tafuta moto. Vumbi laini la PM2.5 pima ndani na nje kwa wakati mmoja, kwani kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha saa 24 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo na nje kunaweza kuwa kumeshapita. Formaldehaidi kutoka samani na gundi hupimwa kwa mirija inayopelekwa maabara, kikomo kikiwa miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, wastani wa dakika 30. Vifaa vya mkononi vinavyotoa namba moja ya kemikali zote kwa jumla vitumie kunusia chanzo tu, kutoka meza hadi meza, si kuamua kama hewa ni salama.

Na sampuli za ukungu hewani? Usitumie fedha huko. Hakuna kikomo cha afya kinachokubalika, na hesabu hubadilika saa kwa saa. Ukiuona au ukiunusa, upo, na chanzo cha maji ndicho cha kutafuta.

Kujaribu dhana yako

Ukishashuku kitu, badilisha kitu hicho peke yake. Zima printa wiki moja, au fungua hewa ya nje, au hamisha dawa za kusafishia. Usifanye vyote pamoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Waambie watu kuna jaribio la wiki mbili, bila kutaja siku gani nini kinabadilishwa, kisha linganisha shajara zao.

Kurekebisha

Ondoa chanzo, halafu ongeza hewa mpya, halafu filta, kwa mpangilio huo. Vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Jipsamu, dari na zulia vilivyokwisha kuota ukungu vikatwe na kutupwa, sehemu ngumu zisuguliwe kwa maji na sabuni zikauke. Eneo lililozidi mita moja ya mraba hivi lifanywe na wenye vifaa, sehemu hiyo ikitengwa kwa plastiki na hewa ikivutwa nje. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha kwa muda. Klorini isichanganywe kamwe na dawa zenye amonia au asidi.

Mashine za ozoni zinazouzwa kusafisha hewa ziondoeni. Ozoni huunguza mapafu. Manukato ya kupuliza nayo huongeza kemikali. Kisafisha hewa chenye filta ya HEPA, ile inayonasa chembe ndogo sana, husaidia kwa vumbi, lakini hakiondoi kaboni dayoksaidi wala kuleta hewa mpya. Rangi na gundi zifanywe mwishoni mwa juma, feni za kutoa hewa zikiendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa.

Waambie wafanyakazi mlichokuta, mlichofanya na ambacho bado hakijajulikana, kila wiki, kwa maandishi. Neno "ni mawazo yenu tu" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote. Mtu aliyeambiwa hivyo hatakuambia tena anapoumwa, na umepoteza shahidi. Baada ya wiki sita rudia maswali yaleyale kwa watu walewale, saa zilezile, na utie alama kwenye nakala mpya ya ramani. Ramani zote mbili zikae kwenye jalada la matengenezo ya AC, fundi ajaye azione kabla hajafungua mashine.